Kabla ya Kupima Volteji kwenye Reli za Treni ya Mfano

Kabla ya kushika mita ya umeme (multimita), hakikisha unajua ni umeme wa aina gani uliopo relini. Kwenye meza ya zamani ya DC (umeme wa upande mmoja), reli hupata volti 0 hadi 12 kadiri unavyozungusha kidhibiti, na karibu mita yoyote ikiwekwa DC itaisoma. DCC, mfumo wa kidijitali unaopitisha amri za treni relini pamoja na umeme, ni habari nyingine. Reli zina volteji kamili muda wote, kwa kawaida volti 14 hadi 15 kwa treni za kipimo cha HO na 12 hadi 13 kwa zile ndogo zaidi za N, nayo hugeuka upande maelfu ya mara kwa sekunde: amri hutumwa kwa biti, na biti ya 1 ina nusu mbili za mikrosekunde 58, na ya 0 ina nusu za mikrosekunde 100 au zaidi. Mita ya bei nafuu imetengenezwa kwa umeme wa ukutani wa hezi 50, na nyingi hazina uhakika zikipita hezi 400. Ukiiweka AC (umeme unaogeuka upande) kwenye DCC inaweza kukuonyesha 11 au 16 mahali penye 14.

Usiitupe kwa sababu hiyo. Mita ileile, kwenye mpangilio uleule, ikitoa 15.2 karibu na busta (kifaa kinacholisha reli umeme wa DCC) na 13.1 mwisho wa meza, tofauti hiyo inatosha kukuambia kwamba umeme unapotea njiani, na mara nyingi ndilo unalotafuta.

Ukihitaji namba halisi, andaa daraja la daiodi nne, linalougeuza umeme wa relini kuwa DC. Chukua 1N5819 au UF4007. 1N4007 za kawaida ziache, kwa kuwa huchelewa kufunga umeme unapogeuka. Upande wa kutokea weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 ya volti 50 na rezista ya kiloomu 10 sambamba nayo, kisha pima hapo kwa DC. Daraja lenyewe hula kiasi kidogo cha volti. Ili kujua ni kiasi gani, pima betri ya volti 9 moja kwa moja, kisha ipime kupitia daraja. Tofauti utakayoiona ndiyo utakayoiongeza kwenye kila kipimo cha relini.

Kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni mzigo. Reli isiyo na treni haivuti mkondo, na bila mkondo hakuna volteji inayopotea: kiungo kilichooza kitakupa namba nzuri kabisa, kisha treni ifike hapo isimame. Andaa balbu ya indiketa ya gari, volti 12 wati 21, yenye waya mbili na klipu za mamba. Inavuta karibu ampea 1.75, yaani kama treni kadhaa za HO kwa pamoja. Ikiwa baridi huvuta zaidi sana kwa kitambo kifupi, kwa hiyo busta ndogo inaweza kujikata inapoiona. Hapo tumia ya wati 10. Usiilaze juu ya plastiki wala nyasi bandia. Inachoma.

Piga hesabu mapema ujue utarajie nini. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba una takriban omu 0.007 kwa mita. Kebo kuu ya mita 10 ni mita 20 kwenda na kurudi, yaani omu 0.14 au 0.15, na kwa ampea 3 utapoteza karibu volti 0.45. Hiyo inavumilika. Ikipita volti 0.7 hivi, tafuta kiungo kilicholegea au kipande cha reli kinachotegemea viunganishi tu bila waya wake.

Ondoa treni zote mezani, hasa zenye sauti na mabehewa yenye taa, maana huvuta mkondo hata zikiwa zimesimama. Futa reli kwa alkoholi ya isopropili. Angalia waya mwekundu wa mita uko kwenye tundu la volti; ukiwa kwenye la ampea 10, kuzigusisha ncha relini ni kupiga shoti moja kwa moja. Reli za N ziko milimita 9 tu mbali, kwa hiyo funika ncha kwa mpira, ubakize milimita mbili tatu za chuma wazi.

Ukiwa na busta mbili, chora mpaka kati ya sehemu inayolishwa na moja na ile ya nyingine. Reli za upande mmoja zinazokutana mpakani zinapaswa kusoma karibu na sifuri kati yao. Zikisoma volteji kamili, waya za busta moja zimebadilishana, na treni itapiga shoti ikivuka. Reli ya kuprogramu, yaani kipande cha kuwekea treni mipangilio yake, nayo huwa haina umeme mpaka amri itumwe, usihangaike nayo.

Weka pia sarafu mfukoni. Baada ya vipimo, ilaze juu ya reli mbili kila baada ya mita moja hivi: busta ijikate papo hapo. Isipojikata, ukinzani wa njia umezuia mkondo usifike kikomo chake, na treni ikitoka relini hapo na kupiga shoti, zaidi ya wati 50 zinaweza kuishia kwenye plastiki na magurudumu. Sehemu hiyo iongezewe waya kabla ya treni yoyote kupita tena.