Kuhamisha Familia Kutoka Dar Kwenda Mbeya: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupakia Mizigo

Anayehama Dar es Salaam kwenda Mbeya huambiwa jambo moja na kila anayemuaga: nunua majaketi. Ushauri huo una ukweli, ila hauanzii panapouma. Mchana wa Julai jua la Mbeya linawaka vizuri, watu wanaota jua barazani, na sweta jepesi linatosha. Baridi inayoisumbua familia ni ile ya ndani ya nyumba, kuanzia magharibi mpaka saa tatu asubuhi: sakafu ya saruji, bati lisilo na dari, maji ya bomba, kitanda chenye shuka moja. Kwa hiyo fedha ya maandalizi iende kwanza kwenye nyumba, kisha kwenye matandiko, na nguo zifuate.

Dar iko usawa wa bahari, Mbeya iko takriban mita 1,700 juu yake. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hadi 7 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na tofauti hiyo ya nyuzi kumi na kitu utaiona mwaka mzima. Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi nyingine hufika 5 au 6. Mvua nayo ina mpangilio wake. Hakuna vuli na masika kama Pwani. Kuna msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi chenye upepo mkavu na vumbi. Kipindi chenye joto zaidi ni Oktoba na mwanzo wa Novemba, kabla mvua hazijashika kasi.

Kalenda hiyo ndiyo ipange safari. Familia nyingi huhama likizo ya Juni ili watoto wasikose masomo, na huo ndio mwezi mbaya kuliko yote kwa mtoto mchanga au mzee aliyezoea joto la Pwani. Kama mnaweza kuchagua, mtu mzima mmoja atangulie Septemba au Oktoba, atafute nyumba na kuitengeneza wakati ni pakavu, kisha wengine wafuate Desemba shule zikifungwa. Desemba mvua zimeanza, lakini mvua inazuiwa na turubai. Usiku wa Julai ndani ya nyumba isiyoandaliwa hauna turubai.

Nyumba ikaguliwe saa kumi na mbili asubuhi au jioni. Dalali atapenda kukupeleka saa sita mchana, na saa hiyo kila nyumba ya Mbeya inapendeza. Ukiingia, tazama juu kwanza. Joto hupanda, na chumba kisicho na dari hulipoteza lote kupitia bati. Alfajiri utakuta bati limetoa jasho kwa ndani na linadondosha matone kitandani. Kama nyumba ni nzuri ila haina dari, zungumza na mwenye nyumba juu ya kuweka dari angalau vyumba vya kulala, gharama ikatwe kwenye kodi, na mwandikiane. Afanye hivyo kabla hujalipa kodi ya miezi sita au mwaka, maana ukishalipa huna tena cha kumshawishia. Kisha madirisha: dirisha la nondo na wavu peke yake, linalosifiwa Dar kwa kuingiza hewa, hapa ni tundu ukutani. Linahitaji kioo kinachofunga sawasawa na pazia zito linalofika chini ya kizingiti. Pitisha mkono chini ya mlango wa nje. Kama vidole viwili vinapita, upepo wa usiku nao unapita, na kipande cha mpira kilichopigiliwa kwenye ubao wa chini kinamaliza tatizo kwa fedha kidogo.

Angalia pia vyumba vinaelekea wapi. Chumba cha watoto kinachopata jua la asubuhi kina thamani kuliko sebule kubwa. Na kama unakagua kiangazi, chunguza kuta sehemu ya chini na pembe za dari: alama za kahawia au rangi iliyobabuka ni ushahidi wa maji ya Januari na Februari, ambayo yataleta ukungu kwenye nguo na kifua kwa watoto. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini ya ukuta mmoja tu ni sababu ya kuuliza maswali.

Halafu maji ya kuoga. Hapa ndipo bajeti nyingi zinapotoboka, kwa kuwa Dar hakuna anayeweka fungu la kuchemsha maji ya kuoga ya kila siku. Hesabu yake ni rahisi. Ndoo ya lita 20 yenye maji ya nyuzi 15, ukiipandisha hadi nyuzi 40, inakula takriban uniti 0.6 za umeme. Watu watano wakioga mara moja kwa siku ni uniti 3, yaani 90 kwa mwezi, bila taa, friji wala pasi. Nyumba ikiwa kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, maji peke yake yanakuvusha kikomo, na uniti za ziada zina bei kubwa zaidi. Muulize mwenye nyumba mita yake iko kundi gani. Njia ya kupunguza ni kuchanganya: maji ya jioni yachemshwe kwa gesi mnapopika, au pipa jeusi lianikwe juani toka asubuhi, kwa sababu jua la kiangazi Mbeya halina mawingu mengi.

Kama utafunga shawa ya umeme, usikubali fundi aiunganishe kwenye waya wa soketi. Shawa ya wati 5,500 huvuta ampea 24 hivi. Waya mwembamba wa soketi utapata moto ndani ya ukuta muda mrefu kabla hujanusa harufu. Inataka waya wake wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye kisanduku cha breka, breka yake yenyewe ya ampea 32, na waya wa kupeleka umeme ardhini ambao kweli umefika ardhini. Hita ya kutumbukiza kwenye ndoo ni hatari ya aina nyingine. Itumike na mtu mzima tu, plagi ichomolewe kabla mkono haujagusa maji, na bafu lenye watoto lisiwe na ndoo ya namna hiyo hata kwa dakika moja.

Jambo linalofuata linaua, na tunaomba lisisomwe haraka. Jiko la mkaa lisilale ndani. Familia zilizotoka Pwani huona wenyeji wanaota moto, nao huingiza jiko chumbani, hufunga madirisha na kulala. Mkaa unaoungua kwenye hewa finyu hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliyelala haamki. Mkaa usiotoa moshi si salama zaidi, maana gesi hiyo haionekani kabisa. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu wote wa nyumba kwa pamoja ni dalili: tokeni nje mara moja, kisha mwende hospitali. Mwambieni hivyo dada wa kazi na kila mgeni, tena kabla ya usiku wa kwanza wa baridi kali.

Chumba hakihitaji moto. Kitanda ndicho kinachohitaji joto. Kila kitanda kiwe na mablanketi mawili, moja zito, na shuka la kitambaa cha sufu au flaneli. Wengi hujazia juu na kusahau chini: godoro lililowekwa sakafuni hunyonywa joto na saruji usiku kucha, kwa hiyo litandikiwe mkeka na maboksi yaliyokunjuliwa mpaka vitanda vifike. Mpira wa maji ya moto uliofungwa taulo, ukiwekwa miguuni robo saa kabla ya kulala, hufanya kazi kuliko hita ya chumba inayomaliza uniti 1 hadi 2 kila saa. Kwa mtoto anayeanza kulala peke yake, uutoe akishaingia kitandani.

Nguo zisikumalizie fedha Kariakoo. Mitumba ya Mwanjelwa, soko kubwa la Mbeya, ina masweta, makoti na kofia za sufu kwa wingi kuliko Dar, kwa sababu ndiko zinakotumika. Beba za kuwatosha siku chache: kila mtu sweta moja, soksi jozi tatu, suruali ndefu ya kulalia, na kofia kwa watoto. Tabaka tatu nyepesi zinashinda koti moja nene, kwani mtoto anayetoka na koti saa moja asubuhi atakuwa amelivua saa nne, na huenda asirudi nalo.

Jikoni kuna mabadiliko yasiyotangazwa. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 au 25, kwa hiyo Mbeya utayachota kwa kijiko karibu mwaka mzima. Mafuta ya mawese nayo huwa mazito au huganda kabisa Juni. Hayajaharibika, yaweke juani au karibu na jiko, au uhamie alizeti. Maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, hivyo maharage yanayoiva Dar kwa saa moja na nusu yatakudai zaidi. Yaloweke usiku kucha, au nunua sufuria ya presha, ambayo itajilipa kwa gesi unayookoa. Unga wa maandazi uliotiwa hamira hautaumuka kwa saa moja. Uuweke karibu na jiko lenye joto na uupe muda mara mbili.

Friji inaweza kukushangaza zaidi. Ndani ya mlango au ubavuni kuna lebo yenye herufi: T na ST ni za mazingira ya kuanzia nyuzi 16, na nyingi zinazouzwa Dar ni za aina hizo. SN huanzia nyuzi 10. Friji ya T yenye kidhibiti joto kimoja, ikiwekwa kwenye jiko la nje lenye nyuzi 9 usiku, hudhani tayari imepoa; mota haiwaki, na samaki walioko friza huyeyuka. Dawa yake ni kuiweka ndani ya nyumba, mahali penye joto. Baada ya safari iachwe imesimama saa kadhaa kabla ya kuwashwa, na kama ililazwa kwenye lori, iachwe siku nzima ili mafuta ya mota yarudi chini. Fenicha za mbao nazo hutoka kwenye hewa yenye unyevu na kuingia hewa kavu, hivyo zitasinyaa na pengine kupasuka kwenye maungio. Zipake mafuta ya mbao kabla ya safari, na usizipange karibu na moto.

Mwenye ugonjwa wa selimundu asihame kabla daktari wake hajajua. Baridi ni mojawapo ya mambo yanayoamsha maumivu makali ya ugonjwa huo, na upungufu wa maji mwilini ni jingine, nalo huja kirahisi mahali ambapo mtu hasikii kiu. Aondoke na dawa za mwezi mzima na barua ya rufaa, na ajue kliniki yake mpya kabla ya kufika. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ipo mjini. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mkononi, isipakiwe kwenye mizigo. Mwenye ualbino asidanganywe na ubaridi wa hewa: miale inayounguza ngozi huongezeka kadiri unavyopanda juu, kofia pana na mafuta ya kukinga jua ni ya kila siku hata kama jua halichomi. Kwa wengine wote, midomo na visigino vitapasuka wiki za kwanza, na mafuta ya mgando yanatosha. Kuhema mnapopanda mlima kwenda Isanga au Itiji nako kutapungua mwili ukizoea.

Shule ianze kushughulikiwa miezi miwili kabla. Uhamisho unataka nafasi iliyothibitishwa na shule inayopokea, barua ya mzazi, idhini za maofisa elimu wa pande zote mbili, na kuhamishwa kwa rekodi ya mtoto kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa, na mtoto hukaa darasani bila kuwepo kwenye orodha. Mwenye mtoto wa darasa la 4, la 7, kidato cha 2 au cha 4 amwache amalize mtihani alikosajiliwa, hata ikibidi abaki kwa shangazi. Kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa, kadi za bima na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa vikae kwenye mfuko mmoja ndani ya basi.

Lori ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Fuso nyingi hushusha viazi na mchele Dar na kurudi Mbeya tupu au nusu tupu. Gari la kurudi lina bei nafuu sana kuliko lililokodiwa maalumu. Mkubaliane bei ikiwa na turubai, vibarua wa kushusha na kufikisha mizigo mlangoni kwa nyumba, si stendi. Mitungi ya gesi isipakiwe ikiwa na gesi. Matandiko yapakiwe mwisho ili yashuke kwanza, yakiwa ndani ya mifuko ya nailoni, kwa sababu safari ya kilomita zaidi ya 800 ina vumbi au mvua, na godoro lililolowa halikauki Mbeya kwa siku moja.

Vyandarua vibebwe vyote. Mbeya mjini malaria ni kidogo kuliko Pwani, na ndiyo maana watoto wanaokulia huko hupoteza polepole kinga ambayo mwili ulikuwa umejijengea. Mkishuka Kyela, kwenye joto la Ziwa Nyasa, au mkirudi Dar kwa Krismasi, homa ya mtoto ipimwe siku hiyohiyo, na akilala huko alale ndani ya chandarua chake.