Klachi ya pikipiki kubwa ya zamani: usinunue pleti peke yake
Kama una Suzuki GSX-R au Honda CBR ya miaka ya 1990, na ukipanda mlima Nyang'oro kwenda Iringa injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Kabla ya kununua pleti, pima urefu wa springi zinazobana pleti na ulinganishe na kitabu cha modeli yako. Zikishafupika, hata pleti mpya zitateleza. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo: iliyopinda itacheza, iliyogeuka bluu imeungua. Pitisha ukucha kwenye kingo za basketi (kikombe kinachoshika pleti) pia, uone kama kuna vijishimo. Springi ngumu za mashindano sizishauri, zinachosha mkono bure. Pleti mpya ziloweke kwenye oili kwanza, na oili iwe na alama ya JASO MA au MA2, yaani inayofaa klachi inayofanya kazi ndani ya oili.