Jinsi ya kutunga kiumbe wa sayari nyingine asiyefanana na wa kila mtu

Wakuu, vijana wengi wa hapa Dar saivi wanachora katuni za anga, shida kila kiumbe anatoka yuleyule, kichwa kikubwa macho meusi ngozi ya kijivu, yani tumekopi kwa Wamarekani mpaka rangi.

Usianze na sura, anza na shida. Huyo kiumbe kwao anahangaika na nini? Mtaalamu wa hii kitu bila kujua ni Percival Lowell, tajiri wa Kimarekani aliyejenga kituo cha darubini Arizona mwaka 1894. Schiaparelli, mtaalamu wa nyota wa Italia, alikuwa ameshachora mistari ya sayari ya Mirihi tangu 1877, Lowell akaidaka akasema ile ni mifereji, sayari inawakaukia wenyeji so wanavuta maji kutoka kwenye barafu ya ncha zake, na kumbuka mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, kuchimba mifereji ndo ilikuwa habari ya mjini enzi zile. Mistari yenyewe haikuwepo bana! Mwaka 1965 Mariner 4, chombo cha anga cha Wamarekani, ikapita pale na kamera, picha zikaonyesha mashimo na ukavu tu. Ila stori ilishika miaka yote hiyo, na mtu wa Kimara anayelala na madumu matupu akisubiri mgao anawaelewa wale watu fasta kuliko profesa.

Afu mwili ndo ufuate shida. Mimi ningechukua mafuriko ya bonde la Jangwani hapa Dar: viumbe wa bondeni, miguu mirefu kama korongo, watoto wanabebwa kichwani, kila masika wanaambiwa wahame na maji yakikauka wanarudi palepale.

Weka na tabaka. Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya 2 huko, alitunga watu wa mwezini wanaovua macho na kuyahifadhi, matajiri wao wanavaa nguo za kioo, maskini za shaba. Bosi ni bosi hata mwezini.

La mwisho, ukipost andika HADITHI juu kabisa kwa herufi kubwa. Mwaka 1835 gazeti moja la New York lilidai John Herschel, mtaalamu wa nyota ambaye kweli alikuwa Afrika Kusini na darubini yake, kaona watu wenye mabawa ya popo mwezini, na watu kibao wakaamini. Hapo hakukuwa na magrupu ya WhatsApp, sa we jichanganye shangazi aifowadi kwenye grupu la ukoo uone utaizimaje.