Kuazima seismomita kwa kazi ya Bonde la Ufa

Mradi wa kupima mitetemo ya ardhi, tuseme kati ya Ziwa Natron na Manyara, unahitaji vituo 10 au zaidi vinavyorekodi kwa pamoja mwaka mzima. Ni idara chache sana za jiolojia zinazoweza kununua seismomita (vipima mitetemo) 10 za bendi pana, yaani zinazonasa mitikisiko ya haraka na ya polepole, kwa mradi mmoja, kwa hiyo huazimwa. Hazina za kuazimisha vifaa zinazojulikana ni ya EarthScope huko Socorro, New Mexico, Marekani. GIPP ya GFZ, kituo cha utafiti wa sayansi za dunia mjini Potsdam, Ujerumani. Na SEIS-UK ya Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Mradi wa kisayansi ukishapita kwenye mchujo, kwa kawaida hulipi ada ya kukodi vifaa. Usafiri, bima, forodha na chochote kitakachopotea ni juu yako, na hapo ndipo bajeti nyingi huchanika. Njia nyepesi ni kuwa na mshirika katika nchi yenye hazina ambaye jina lake litakuwa kwenye ombi, huku wewe ukishika vibali, maeneo na wenyeji.

Panga tarehe ukianzia mwisho. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 117, inaruhusu kuingiza vifaa kwa muda bila kulipa ushuru, mradi vitoke ndani ya miezi 12. Mara nyingi utatakiwa kuweka dhamana. Sasa piga hesabu: ukitaka kurekodi miezi 12 kamili, ongeza wiki za kusimika vituo, za kuving'oa na za kusubiri ndege. Miezi 12 haitoshi. Ama punguza kurekodi hadi miezi 10, ama omba nyongeza kabla muda haujaisha. Ukichelewa, utadaiwa ushuru na dhamana itaguswa.

Kinachokwamisha makasha uwanja wa ndege mara nyingi ni karatasi zisizolingana. Mtumaji ameandika sensa (kipimio chenyewe cha mitetemo) 12, ankara ya proforma inasema 12, lakini serial namba za sensa mbili si zile zilizo kwenye kasha kwa sababu zilibadilishwa dakika ya mwisho. Dai orodha ya mwisho baada ya makasha kufungwa, si kabla. Iwe na serial namba ya kila sensa, rekoda (kifaa kinachohifadhi data) na antena ya GPS (inayoipa rekoda saa sahihi), bei halisi (bei ya dola 1 humtia afisa shaka mara moja) na maneno kwamba vifaa haviuzwi na vitarudi. Vifaa vya jiofizikia kwa kawaida huingia kwenye kichwa cha ushuru 9015, yaani namba ya kundi la bidhaa kwenye orodha ya forodha. Mkabidhi wakala wa forodha karatasi hizo kabla ndege haijaondoka, zikiambatana na kibali cha utafiti kutoka tume ya sayansi ya nchi: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya. Kituo kikiwa ndani ya hifadhi, ruhusa ya wasimamizi wa hifadhi ni jambo jingine kabisa, nayo haiji kwa wiki moja.

Betri na sola usiziagize kutoka nje. Betri kubwa ni mzigo wa hatari kwenye ndege, na Arusha au Nairobi zinapatikana. Sensa na rekoda yake zikila wati 2, kwa siku ni wati-saa 48, yaani ampea-saa (Ah) 4 kwenye volti 12. Betri ya asidi ya 100 Ah, ukitumia nusu tu ili usiiue mapema, inabeba siku 12 bila jua. Kwa hesabu tupu paneli ya wati 15 ingetosha. Weka ya 50, kwa sababu kuna mawingu ya masika na vumbi ambalo hakuna atakayelifuta.

Makasha yakifika, usikimbilie porini. Panga sensa zote sakafuni, kwenye zege, chumba kimoja, zote zikielekea upande mmoja, ziache zirekodi saa 24 au zaidi, kisha linganisha mistari yake. Inayotofautiana na wenzake ni mbovu, na leo bado unaweza kuthibitisha kwamba ilikufikia ikiwa hivyo. Piga picha, tuma barua pepe kwa hazina siku hiyo hiyo.

Kwenye shimo, makosa ni yale yale kila mradi. Sensa hukaa ndani ya pipa lililofukiwa, na zege la kuilalia humwagwa likagusa ukuta wa pipa, hivyo upepo unaotikisa pipa unaingia kwenye data. Acha nafasi pande zote. Zege bichi nalo huinama likikauka, kwa hiyo mimina siku kadhaa kabla ya kuleta sensa. Kaskazini itafutwe kwa dira ukiwa mbali na gari, betri na sensa yenyewe, maana ndani yake mna sumaku: chora mstari sakafuni kwanza, ndipo ushushe sensa. Plagi ya kijeshi yenye pini nyingi haisukumwi kwa nguvu. Tafuta alama, zungusha polepole hadi iingie yenyewe. Pini moja iliyopinda inazima chaneli nzima, yaani mwelekeo mmoja kati ya mitatu ya mtikisiko, na deni ni lako. Nyaya zipitishe kwenye bomba la plastiki, la sivyo panya watazitafuna.

Sensa nyingine zina kufuli la uzani wa ndani, ule unaoning'inia na kuhisi mtikisiko. Fungua ukishaisawazisha, funga kabla ya kuinyanyua hata kuisogeza mita moja. Barabara ya kokoto kutoka Mto wa Mbu bila kufuli inatosha kuiharibu.

Mlinzi wa kituo awe mwenye boma la karibu, kwa mkataba wa maandishi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Anachoibiwa mtu huku ni paneli, mara chache sensa. Tembelea kituo baada ya wiki 3, kisha kila miezi 3: soma volti, nafasi ya uzani, na lini GPS ilishika saa mara ya mwisho. Data ya siku moja, chaneli 3 kwa sampuli 100 kwa sekunde, ni kama MB 30 hadi 40 ikibanwa; kadi ya GB 32 inabeba mwaka mzima. Nakili hata hivyo. Waulize wenye hazina mapema pia data itafunguliwa lini kwa umma na nakala yako itakaa wapi.

Wakati wa kurudisha, osha udongo wote, maana nchi nyingine hukataa makasha yenye tope. Rudia jaribio la sakafuni, funga kila kifaa kwenye foamu yake ya awali, hesabu kwa serial namba mbele ya wakala. Hakikisha hati ya kutoka imegongwa muhuri na forodha, kisha uifuatilie hadi dhamana ifutwe kwa maandishi. Wakala akisema "tayari" kwa simu, bado haijafutwa.