Ukikutana na "get", tazama kinachofuata

Wanafunzi wangu wa jioni, watu wazima wenye kazi zao, huja na daftari lililoandikwa: get = pata. Si uongo. "I got a job" ni nimepata kazi, hakuna ubishi. Lakini ukiing'ang'ania tafsiri hiyo, "get off" itakukwamisha mchana kweupe. Ninachowaambia ni hiki: usiitafsiri "get" kabla hujaona neno linaloifuata.

Likifuata jina la kitu, kazi ni rahisi: kupata, kupokea, kununua, kuleta. "Get me some water" ni niletee maji. Tuendelee.

Likifuata neno la sifa, kuna hali inayobadilika, na Kiswahili mara nyingi hulimaliza jambo kwa kitenzi kimoja: "get old" kuzeeka, "get wet" kulowa, "get drunk" kulewa. "Get married" inataka uangalifu, kwa sababu Kiingereza hakijali nani kaoa na nani kaolewa, sisi tunajali. Na mwenzi wa ndoa hutanguliwa na "to", si "with": "she got married to a doctor". "Get lost" nayo ni kupotea, ila ukimwambia mtu kama amri umemtukana. Ni potelea mbali hiyo.

Kwa vyombo vya usafiri, kipimo changu ni hiki: ukiweza kusimama na kutembea ndani yake, tumia "get on" kwa kupanda na "get off" kwa kushuka. Basi, treni, ndege. Gari dogo ni "get in" na "get out of". Pikipiki na baiskeli ni "on", maana unakaa juu yake. Na ukifika nyumbani, sema "get home" bila "to". Ofisini ndiyo "get to the office".

Sasa pagumu. "I got to see him" ni nilibahatika kumwona. "I've got to see him" ni lazima nimwone. Kinachozitenganisha ni kile kisauti cha 've (kifupi cha "have"), ambacho wazungumzaji wenyewe hukimeza wakisema haraka, mpaka kinachosikika ni "gotta". Kwa hiyo sikiliza wakati: pakitajwa "yesterday", ni bahati, pakitajwa "tomorrow", ni lazima. Wewe ukiandika, 've usiiache.

Kuna na huu mpangilio: "I got my hair cut". Maana yake kinyozi ndiye aliyekata. Ukisema "I cut my hair", mkasi ulikuwa mkononi mwako. Sisi husema nimekata nywele hata tukiwa tumekalia kiti cha kinyozi, ndiyo maana kosa hili halikomi darasani. Simu iliyotengenezwa na fundi nayo ni hivyo hivyo: "I got my phone fixed".

"Gotten" ni ya Marekani zaidi: "it has gotten worse". Uingereza husema "it has got worse". Shika moja, usichanganye.

Kwenye barua rasmi mimi huikwepa "get" kabisa. "I received your letter" ina heshima kuliko "I got your letter". Kwa rafiki aliyekutumia ujumbe, "Got it" inatosha. Kama alikuwa anakueleza jambo, umemjibu nimeelewa, na kama alikutumia picha, nimeipata.