Melanoma changa au ngozi iliyoungua jua? Kuisoma slaidi

Uso uliopigwa jua miaka mingi hubadilika hata bila saratani. Epidermisi (tabaka la juu la ngozi) hukonda, mikunjo yake ya chini hulala bapa, na dermisi (ngozi iliyo chini yake) hujaa nyuzi nene za kijivu-bluu. Melanosaiti, seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, nazo huongezeka, kwa hiyo wingi wake peke yake hautoshi kuandika melanoma, yaani saratani ya seli hizo.

Anza na lenzi ya x4 ya hadubini. Tafuta ngozi ya pembeni mwa doa linaloshukiwa. Hiyo ndiyo ya kulinganishia, si picha ya kitabuni. Panda hadi x40, uhesabu viini vya melanosaiti kwenye nusu milimita ya tabaka la chini la epidermisi. Ngozi ya jua kufikisha 15 hadi 20 si ajabu.

Sasa tazama melanosaiti zilivyopangika. Kwenye ngozi ya jua zimeachana, keratinosaiti (seli za kawaida za epidermisi) ziko katikati. Mbili kugusana hapa na pale ni kawaida. Melanoma changa huzipanga bega kwa bega bila nafasi, zikateremka ndani kabisa ya kifuko cha nywele, zikakusanyika vichungu (vikundi vya seli), nyingine zikapanda tabaka za juu. Viini huwa vikubwa, vyeusi, vyenye kona. Mara nyingine seli moja ina viini vingi vilivyojipanga kama taji.

Mtego mkubwa ni Melan-A, kipimo cha kupaka melanosaiti zionekane. Hupaka mwili wa seli pamoja na matawi yake, hivyo seli kumi zikaonekana ishirini, na penye uvimbe wa mwasho (inflamesheni) chini ya epidermisi huzua vichungu vya uongo. Rudia kwa SOX10, kipimo kinachopaka kiini tu, na uchague rangi nyekundu: ya kahawia hupotea ndani ya melanini, rangi asilia ya ngozi. PRAME, kipimo kingine cha kupaka viini, ikishika robo tatu ya melanosaiti au zaidi, inaunga mkono melanoma. Seli moja moja kushika hutokea hata kwenye ngozi ya jua, na isiposhika kabisa haikuondolei shaka.

Kwa mgonjwa mwenye ualbino usitafute melanini. Melanosaiti anazo, ila rangi yake ni kidogo au haipo. SOX10 ndiyo itakayozionyesha.

Kipande cha milimita 3 mara nyingi hukosa penye ugonjwa, kwa sababu doa moja huweza kuchanganya melanoma na doa la kawaida la jua. Kikiwa hivyo, andika "sampuli haitoshi kuamua", uombe kipande kipana kilichokatwa bapa kwa wembe kikiwa na mpaka wa doa.