Shindano la kwanza la jiu-jitsu la mwanao: sheria hatua kwa hatua

Kila tunapotangaza shindano la watoto, simu yangu hujaa maswali ya wazazi. Mtoto atakutana na nani? Abebe nini? Na shindano likiisha huja lile swali la hasira: mbona yule ameinuliwa mkono na wetu ndiye alikuwa juu muda wote? Nawajibu kwamba kuwa juu peke yake hakuna pointi. Pointi ni ya mtoto aliyefika mahali panapohesabiwa akatulia hapo sekunde tatu. Ukilielewa hilo, nusu ya kelele za ukumbini utakuwa hauna haja nazo.

Kanuni ninazozieleza ni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Brazil lililoanzishwa na Carlos Gracie Jr., na ndizo tunazofanyia mazoezi darasani kwetu huku Ngong Road. Mwandaaji ana ruhusa ya kuzirekebisha, hasa kuunganisha makundi watoto wakiwa wachache. Kwa hiyo soma karatasi yake kwanza, halafu urudi hapa.

Hatua ya 1: Mpate kundi lake

Mambo matatu humweka mtoto kwenye kundi: umri, mkanda na uzito.

Umri huhesabiwa kwa mwaka wa kuzaliwa, si kwa siku ya kuzaliwa. Mtoto wa 2016 anashindana kama wa miaka 10 mwaka mzima wa 2026, hata kama alizaliwa Desemba na keki bado iko mbali. Jaza fomu kwa kutazama cheti cha kuzaliwa, usijaze kwa kukisia.

Muda wa pambano nao hufuata umri. Wa miaka 4 hadi 6 hupigana dakika 2, wa 7 hadi 9 dakika 3, wa 10 hadi 15 dakika 4, na wa 16 na 17 dakika 5. Dakika 4 zinaonekana chache mpaka umwone mtoto aliyetumia nguvu zake zote katika ile ya kwanza.

Mikanda ya watoto ni myeupe, kijivu, njano (kuanzia miaka 7), machungwa (kuanzia 10) na kijani (kuanzia 13). Wa kibuluu unangoja mwaka wa 16. Mzazi asimbembeleze kocha ampandishe mtoto mkanda kabla ya shindano. Atakayeumia ni mtoto, maana atakutana na waliokomaa.

Hatua ya 2: Mizani na gi, mambo ya kumaliza nyumbani

Mtoto hupimwa uzito akiwa amevaa gi, yaani koti na suruali ya jiu-jitsu, muda mfupi kabla ya pambano lake la kwanza, na anapanda mizani mara moja tu. Akizidi, ameondolewa. Hakuna kwenda kukimbia kuuzunguka ukumbi ndipo arudi kujaribu tena.

Wiki moja kabla, mvalishe gi kamili na mkanda, umpeleke kwenye mizani ya duka la dawa la mtaani. Gi pekee inaweza kuongeza kilo moja au zaidi. Akiwa amekaribia mpaka wa kundi lake, mwandikishe kundi la juu. Mimi sikubali mtoto anyimwe uji asubuhi ili aingie kundi la chini, na mzazi anayesisitiza hivyo huwa tunazungumza kando.

Gi yenyewe iwe nyeupe, ya buluu au nyeusi. Mtoto akinyoosha mikono mbele, mwisho wa mkono wa gi usiwe mbali na kifundo kwa zaidi ya sentimita 5. Suruali hivyo hivyo kwa kifundo cha mguu. Watoto wa Nairobi wanarefuka likizo moja tu, kwa hiyo gi iliyomtosha Aprili ipime tena Agosti. Iliyochanika hukataliwa. Fundi yeyote mwenye cherehani nzito ataishona, ila mwambie akunje upindo vizuri, uzi usije ukakwaruza shingo ya mwenzake. Wasichana wavae fulana ya kubana ndani.

Kata kucha za mikono na miguu usiku wa kuamkia shindano. Toa hereni, bangili na vibanio vya chuma kwenye nywele. Mtoto mwenye upele au mba mwilini anaweza kuzuiwa kuingia, na ni haki, kwa sababu maradhi ya ngozi husambaa haraka kwenye mkeka.

Hatua ya 3: Jifunze kuhesabu

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo.

Kumwangusha mpinzani kutoka wima ni pointi 2. Kumpindua ukiwa chini, yaani kutoka kwenye gadi yako (pale unapomzuia kwa miguu yako ukiwa chini) mpaka ukawa juu, ni 2. Goti tumboni ni 2. Kuivuka gadi, yaani kuipita miguu yake mpaka ukamdhibiti ubavuni, ni 3. Kumkalia kifuani ni 4. Kushika mgongo, visigino vyako vikiwa ndani ya mapaja yake, ni 4 pia. Kote huko kuna zile sekunde tatu za kutulia. Asipozikamilisha lakini akawa amekaribia kweli, refa humpa faida, ambayo huandikwa pembeni na haijumlishwi na pointi.

Tuchukue pambano la watoto wa miaka 11. Mwanao anamwangusha mwenzake na kubaki juu: 2 kwa 0. Mwenzake amemfunga kwa miguu, kwa hiyo mwanao yuko ndani ya gadi. Anahangaika, anaipita miguu, anafika ubavuni. Moja, mbili, na mwenzake anapenyeza goti na kuirudisha gadi. Wazazi wa upande wetu wanashangilia pointi 3, lakini refa amenyoosha mkono sambamba na sakafu, kiganja chini. Hiyo ni faida moja. Dakika ya tatu mwenzake anampindua na kutulia juu: 2 kwa 2. Mwanao bado anaongoza kwa ile faida.

Sasa anaogopa. Anashika kola na kuganda, hafanyi lolote. Sekunde 20 zinapita bila yeye kupigana, anapewa adhabu. Adhabu ya kwanza huandikwa tu. Anaganda tena, na ya pili humpa mpinzani faida. Pointi ni 2 kwa 2, faida 1 kwa 1, na kengele inalia. Refa anatazama adhabu: mwanao ana mbili, mwenzake hana. Mwenzake ameshinda. Mpangilio ni huo: pointi, kisha faida, kisha adhabu chache, na vyote vikilingana refa huamua. Angepata adhabu ya tatu, mpinzani angepewa pointi 2 kamili. Ya nne ni kuondolewa.

Ndiyo maana mazoezini tunahesabu sekunde tatu kwa sauti, darasa zima. Mtoto anayejua kuvuka gadi na kutulia hunishindia mapambano mengi kuliko yule mwenye mbinu kumi alizotazama kwenye video, ambaye akifika ubavuni tayari anarukia jambo jingine.

Mitego miwili zaidi ya hesabu. Mtoto aliyekaliwa kifuani akifanikiwa kujigeuza akawa juu hapati pointi 2, kwa sababu hakuanzia kwenye gadi. Amejiokoa, basi. Na mtoto anayefika mahali pa pointi huku mkono wake bado umenaswa hahesabiwi mpaka ajinasue kwanza.

Hatua ya 4: Vilivyokatazwa

Watoto wanaruhusiwa kunyoosha mkono wa mpinzani kwenye kiwiko, kumkaba kwa kola, na kumkaba kutoka mgongoni. Orodha ya marufuku ni ndefu kuliko ya watu wazima, na ndivyo inavyotakiwa.

Kwa wa miaka 4 hadi 12, kabali ya mbele hairuhusiwi. Wala kabali ya Ezequiel inayotumia mkono wa gi, wala omoplata (kulipinda bega la mpinzani kwa miguu yako), wala kubana shingo na bega kwa pamoja. Kabali ya miguu inaruhusiwa, ila marufuku kukivuta kichwa. Kumkamata mguu mmoja ili umwangushe huku kichwa chako kikiwa nje ya mwili wake pia ni marufuku, kwa sababu shingo ndiyo hutangulia chini.

Kwa aliye chini ya miaka 16, sahau mashambulizi ya miguu: kuvuta kifundo, kunyoosha goti, kuzungusha kisigino. Kupinda kiganja na kupinda shingo vile vile. Na kumnyanyua mwenzako kisha kumbwaga ni kuondolewa papo hapo. Hili lirudie nyumbani, hasa kama sebuleni kwenu mieleka ya televisheni ina mashabiki.

Hatua ya 5: Kutapu, na maneno ya refa

Refa husema kwa Kireno. "Combate" ni anza, "lute" ni pigana, na "parou" ni simama. Akisikia "parou", mtoto aachie kila kitu hapo hapo.

Mfundishe kutapu, yaani kuonyesha amesalimu amri, mapema: kwa kugonga mkono juu ya mwili wa mwenzake, au kwa mdomo mikono ikiwa imebanwa. Ajue kwamba kupiga kelele ya maumivu huhesabiwa kusalimu amri, na kwamba refa anaweza kusimamisha pambano hata kama hajatapu, akiona kiungo kiko hatarini. Usimwambie "usitapu" hata kwa utani. Na akikimbilia nje ya mkeka ili kuponyoka kwenye kabali, ameondolewa.

Hatua ya 6: Asubuhi ya shindano

Kama ukumbi uko upande wa Kasarani, ondokeni mapema kuliko mnavyodhani. Thika Road haijui kwamba mna ratiba. Beba kandambili, kwa sababu miguu mitupu haitoki nje ya mkeka, na chooni hasa. Beba maji, ndizi na sweta.

Kando ya mkeka kocha ni mmoja. Wewe shangilia, lakini mambo ya "vuta mkono, geuka, toka" mwachie yeye. Mtoto anayeitwa na sauti tatu huishia kumtazama mama badala ya mpinzani. Watoto wakivaa gi za rangi moja, mmoja hufungwa mkanda wa ziada wa kijani na njano. Refa naye ana kitambaa cha rangi hizo mkono mmoja, na mkono huo ndio unaotangaza pointi za mtoto huyo.

Hatua ya 7: Ukiona mmeonewa

Usimfuate refa, wala mzazi wa mtoto mwingine. Mwambie kocha, naye aende mezani wakati huo huo. Jua pia kwamba uamuzi wa refa kuhusu sekunde tatu au faida haurudishwi. Matokeo yanaweza kubadilishwa pale ubao uliposomwa vibaya, mshindi alipommaliza mwenzake kwa mbinu iliyokatazwa, au mtoto alipoondolewa kwa mbinu ambayo kumbe inaruhusiwa. Kama lenu haliko katika hayo matatu, mpe mtoto ndizi yake na muulize kama bado ana pambano jingine.